Ukitaka sayari ielee juu ya Mama Ngina, uliza kwanza jua liko wapi

IWAPO una simu na bando, picha hiyo umeipita mara nyingi. Bahari imetulia, jua limezama, na juu ya maji imening'inia sayari kubwa yenye pete kama taa ya ukumbi wa harusi. Chini yake mtu kaandika "Mombasa jioni". Ukaiangalia sekunde mbili, ukahisi kuna kitu hakikai sawa, ukasukuma kidole ukaenda zako. Kasoro hukuijua ni ipi, lakini jicho lako liliijua.

Na si ajabu. Mtoto wa pwani hukua akitazama juu. Mwezi ndio unaotuambia Ramadhani imeingia, ndio unaowaambia wavuvi bamvua ni lini, na stima zikipotea mtaani ndio unaotufikisha nyumbani. Anga ya hapa unaijua kuliko unavyodhani. Kwa hivyo ukitaka kutengeneza sayari ambayo jicho hilo litaikubali, usianze na kompyuta. Anza kwa kusimama Mama Ngina.

Kwa kazi hii pale mahali pamekaa vizuri mno. Bustani ile ya ufukweni, iliyokarabatiwa na kufunguliwa wakati wa sherehe za Mashujaa za Oktoba 2019, iko ukingoni kabisa mwa kisiwa. Mbele yako ni Bahari Hindi, kulia kwako ni mlango ambao meli za Kilindini hupitia, nyuma yako ni mibuyu iliyokuwepo kabla ya babu zako kuzaliwa. Una maji, una mti wa kuweka pembeni mwa picha, una meli ya kumwonyesha mtazamaji ukubwa wa vitu. Ukichoka kusubiri, mihogo ya kukaanga na pilipili ipo. Kinachokosekana ni sayari tu.

Kupiga picha yenyewe si kazi ndefu. Simu iwe kwenye stendi, mstari wa bahari uwe sawa, na theluthi mbili za juu uziachie anga, kwa sababu huko ndiko mgeni wako atakakokaa. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: andika saa uliyopiga na upande jua lilipokuwa. Bila hiyo habari utakuwa unabahatisha baadaye.

Sasa nunua dafu. Kweli, yakhe, nunua.

Jioni jua likiwa chini upande wa feri, lipe mgongo, nyoosha mkono na uelekeze dafu baharini. Utaona limeangazwa karibu lote. Geuka taratibu ukiwa umelishika vivyo hivyo. Ukifika mahali ambapo jua liko ubavuni mwako, nusu ya dafu ina mwanga na nusu ina giza. Ukizidi kugeuka hadi ulielekee jua (usilikodolee macho, tafadhali), dafu limekuwa jeusi na limebaki na uzi wa mwanga ukingoni. Basi, hiyo ndiyo siri yenyewe. Sayari haina taa yake. Inaangazwa na jua lile lile linaloangaza mibuyu na meli kwenye picha yako. Ndiyo maana mwezi wa kumi na nne huchomoza baharini wakati jua linatua upande wa pili. Vinatazamana uso kwa uso, na sisi tuko katikati.

Rudi kwenye ile picha ya "Mombasa jioni". Kamera inatazama bahari, jua limezama nyuma ya mpigaji, lakini sayari imetiwa giza upande mmoja na kubakizwa ukingo mwembamba wa mwanga. Haiwezekani. Mtu kaichukua sayari iliyotengenezwa tayari, kaibandika, hakuuliza lolote. Jioni, kwenye anga ya bahari ya Mama Ngina, sayari yako inatakiwa iwe imejaa au karibu kujaa. Ukiitaka iwe nyembamba kama hilali, nenda alfajiri, jua likiwa karibu kuchomoza kule kule unakoelekeza kamera. Na ukingo wenye mwanga uwe chini, kule jua litakakotokea.

Hata namna hilali inavyolala ina mwenyewe. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, na hapa hilali hulala karibu chali, kama ngalawa. Kwa mtu wa London husimama zaidi, kama mabano. Masomo mengi ya kutengeneza sayari yaliyoko mtandaoni yametungwa na watu wanaoishi chini ya anga ile, nasi tunayafuata hatua kwa hatua hadi tunajikuta na Mombasa yenye mwezi wa Ulaya.

Ukubwa nao una hesabu yake. Nyoosha mkono: kidole cha mwisho kinafunika kama digrii 1 ya anga, ngumi kama digrii 10. Mwezi, pamoja na ukubwa wake wote unaousifia, ni nusu digrii tu. Kidole cha mwisho kinaufunika na nafasi ikabaki. Mshtarii na Zohali zenyewe kwa macho ni vitone vya mwanga, utadhani nyota. Kwa hivyo sayari kubwa angani ni hadithi, na hakuna ubaya na hadithi, lakini hadithi nzuri hujua masharti yake. Sharti lenyewe ni hili: amua sayari yako iko umbali gani, kisha usimamie uamuzi huo.

Tuseme umeiweka Mshtarii pale pale mwezi ulipo, umbali wa kilomita 384,000 hivi. Upana wake ni karibu kilomita 143,000, kwa hivyo ingechukua kama digrii 21 za anga, yaani ngumi mbili. Zohali, ukihesabu na pete zake, ingekaribia digrii 39, ngumi nne kasoro. Lenzi kuu ya simu nyingi, ukiilaza simu, huona kati ya digrii 65 na 70 kwa upana. Piga hesabu: Mshtarii ichukue chini kidogo ya theluthi moja ya upana wa picha, na Zohali na pete zake zaidi ya nusu kidogo. Ukishajua hivyo unaweza kupunguza au kuongeza upendavyo, lakini sasa unajua unafanya nini.

(Kuna jambo tunalifumbia macho hapa. Mshtarii ina uzito wa Dunia 318. Ingekuwa pale mwezi ulipo, ingeivuta bahari zaidi ya mara 20,000 kuliko mwezi unavyoivuta. Bamvua ya kwanza tu, feri ya Likoni ingetafutwa Voi.)

Tuingie kwenye kompyuta. Photoshop ndiyo yenye jina, lakini hulipiwa. GIMP ni ya bure na inafanya yote tunayoyahitaji, na Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, hata kwenye sayba. Wale ndugu wawili wa Marekani walioanzisha Photoshop, Thomas na John Knoll, waliiingiza sokoni mwaka 1990, na picha waliyokuwa wakiionyeshea watu uwezo wake ilipigwa ufuoni, kwenye kisiwa cha Bora Bora. Ufuo na ujanja wa picha wanajuana tangu zamani.

Kwanza unahitaji ngozi ya sayari. NASA hutoa picha zake nyingi kwa matumizi huru, na ukitaka Mshtarii halisi, chukua huko. Lakini utamu uko katika kujitengenezea. Gome la mbuyu, lile la kijivu lenye mikunjo kama ngozi ya ndovu, likipigwa picha karibu huwa sayari ya mawe ambayo hakuna mwingine anayo. Bati lenye kutu linatoa Mirihi safi, na hapo hujadanganya hata kidogo, maana wekundu wa Mirihi halisi unatokana na vumbi lenye chuma kilichopata kutu. Chapati nayo? Inafaa sana. Usicheke, Julai 2022 mwanafizikia wa Ufaransa, Étienne Klein, aliweka kwenye Twitter picha ya kipande cha soseji akasema ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na darubini ya James Webb. Watu wazima na akili zao wakaamini. Baadaye akaomba radhi, akasema ulikuwa mzaha. Chapati ya kahawia yenye madoa ina nafasi nzuri kuliko soseji.

Ngozi ukishaipata, kata duara kamili, ukiwa umeshikilia kitufe cha Shift ili lisiwe yai. Usiliache likiwa bapa. Kwenye Photoshop tumia filta iitwayo Spherize. Kwenye GIMP nenda kwenye Map Object uchague tufe. Inachofanya ni kuyabana madoa ya kando na kuyavimbisha ya katikati, kama vile ramani ya dunia inavyoonekana ikizungushiwa mpira. Hatua hii ikikosekana utapata sahani, na sahani angani inajulikana kutoka mbali. Na kama ni Mshtarii unayoitengeneza, ibonyeze kidogo juu na chini. Hujizungusha mara moja kwa saa zisizofika 10, na kasi hiyo imeivimbisha kiunoni.

Halafu kivuli. Fungua leya mpya juu ya duara, chukua brashi kubwa laini yenye rangi nyeusi, upake upande ulio mbali na jua. Dafu lilikufundisha ni upande gani na kiasi gani. Sayari yenye hewa, mpaka wa mwanga na giza uwe laini. Ya mawe matupu, mpaka uwe mkali zaidi.

Sasa tumefika mahali ambapo picha nyingi hufia.

Siku moja saa kumi na nusu alasiri, mwezi ukiwa nusu, utafute angani. Angalia ile nusu isiyo na mwanga. Je, ni nyeusi? Hapana. Ni samawati, rangi ile ile ya anga iliyo kando yake, kana kwamba nusu hiyo haipo. Sababu ni kwamba hewa yetu inang'aa kwa mwanga wa jua, na hewa hiyo iko mbele ya mwezi, kati yako na wenyewe. Kila kilicho nje ya Dunia tunakitazama kupitia pazia hilo. Kwa hivyo hakuna sehemu ya sayari inayoweza kuwa nyeusi kuliko anga iliyo mbele yake. Ukiweka giza tititi la sayari juu ya anga ya jioni yenye rangi ya chungwa, umeitoa sayari mbinguni ukaigandisha kwenye kioo cha simu.

Dawa yake ni nyepesi ajabu. Kwenye orodha ya modi za leya, toa Normal uweke Screen. Modi hiyo huongeza mwanga peke yake: nyeusi inapotea na kuwa rangi ya anga, nyeupe inabaki. Kwa mbofyo mmoja sayari inarudi nyuma ya hewa, mahali pake. Ukijifunza kitu kimoja tu katika makala haya, kiwe hiki.

Yaliyobaki ni subira. Mawingu yapite mbele ya sayari, si nyuma. Weka maski uyafute taratibu kwa brashi. Nyota zikiwemo, zisionekane ndani ya duara, hata kwenye nusu yake ya giza, kwa sababu sayari inazizuia. Karibu na mstari wa bahari, ififishe sayari na uitie wekundu kidogo, maana mwanga wa chini hupita kwenye hewa nyingi zaidi yenye chumvi na vumbi. Mwezi ukichomoza pale huwa rangi ya embe bivu kabla haujapanda na kuwa mweupe. Sayari yako haina kinga dhidi ya hilo. Kisha chembechembe: picha ya simu ya jioni ina mchanga mchanga, na sayari safi kupita kiasi hujitangaza yenyewe. Iongezee kelele kidogo na uipunguzie ukali wa kingo. Mwisho njia ya mwanga juu ya maji. Inakuja moja kwa moja kutoka chini ya sayari hadi kwako, imekatikakatika na mawimbi, na ni ndefu kuliko sayari yenyewe. Wengi hugeuza sayari juu chini wakaiweka baharini kama kwenye kioo. Bahari ya Mama Ngina haijawahi kuwa kioo.

Utaniuliza, si kuna programu za akili bandia, unaandika tu "weka Zohali juu ya Mombasa" na kazi imekwisha? Zipo. Na mara nyingi zitakupa pete upande mmoja na mwanga upande mwingine, kwa sababu hazijui jua lilikuwa wapi siku hiyo. Wewe uliandika.

Na ustadi huu una siku yake ya hatari.

Fikiria tarehe 29 ya Ramadhani, Maghribi. Mji mzima uko juu ya mapaa na kando ya maji. Watu wanasubiri tangazo la Kadhi Mkuu, na kila mwaka kuna wanaofuata mwandamo wa hapa na wanaofuata wa popote duniani. Mjadala huo una wanavyuoni wake, mimi simo. Ninachosema ni kwamba saa hiyo simu zote ziko wazi. Mtu mwenye Screen na brashi laini akituma hilali moja safi, "imeonekana Mama Ngina sasa hivi", kwa mzaha tu, dakika kumi baadaye iko Malindi, Lamu na Muscat. Mtu atalala akijua kesho ni Idi. Mwingine atamwita jirani yake mwongo. Mama atapika biriani ya sikukuu kumbe watu bado wana siku moja ya kufunga.

Lakini wewe sasa una silaha. Picha ya namna hiyo ikikufikia, uliza swali la dafu: jua liko wapi? Hilali ya Mfunguo Mosi huonekana magharibi, ngumi moja au mbili tu kutoka pale jua lilipozama, na yenyewe hutua muda si mrefu baadaye. Ukingo wake wenye mwanga huelekea chini, kule jua lilikokwenda. Ukiona hilali ya Maghribi imening'inia juu ya bahari kuu, meli inatoka nje na mbuyu uko kando, huhitaji darubini wala fatwa. Upande ule jioni ile hakuna hilali. Na kama imesimama kama mabano, ndio kabisa, imetoka Ulaya.

Kwa picha zako mwenyewe, maneno "picha ya kubuni" yaandike ndani ya picha, si chini yake. Maelezo ya chini hudondoka njiani. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi iliikaribia Dunia kuliko ilivyowahi kwa karibu miaka 60,000, na ujumbe ukasambaa kwamba ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75, itaonekana kubwa kama mwezi mpevu unavyoonekana kwa macho. Ni kweli kabisa. Ila sehemu ya darubini ikadondoka, ikabaki "Mirihi kubwa kama mwezi", na tangu hapo ujumbe huo umekuwa ukifufuka kila Agosti, kutoka barua pepe hadi WhatsApp, mara nyingine ukiwa na picha ya miezi miwili angani. Faili lenye leya zako pia litunze. Akija mtu kukuuliza, mfungulie, umwonyeshe gome la mbuyu lilivyogeuka kuwa dunia nyingine. Hapo ndipo wateja wa mabango na kava za nyimbo hupatikana.

Kabla ya hayo yote, subiri mwezi wa kumi na nne. Fika Mama Ngina saa kumi na mbili kasoro jioni, jua likiwa bado lipo. Mwezi ukitokeza majini, uguse kwenye kioo cha simu na uteremshe mwanga hadi uone madoa yake, la sivyo utapata kitone cheupe kisicho na faida. Piga picha kila baada ya dakika tano kwa saa moja: rangi inavyobadilika, ukingo wa chini unavyofifia, njia ya maji inavyokatika meli ikipita. Picha hizo ziweke pembeni mwa skrini kila utakapokuwa ukipaka sayari. Na stendi ishikilie kwa mkono. Kusi ikivuma pale, si mchezo.